Punda milia wa nani?

Basi linapokatiza Hifadhi ya Mikumi kuelekea Iringa, abiria akitazama uwanda wa Mkata huona milia ya punda milia kutoka mbali. Simba haioni hivyo. Utafiti wa Amanda Melin, Tim Caro na wenzao, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba mchana, kupita meta 50, milia hiyo humpotea mwindaji. Magharibi ikiingia ni meta 30, na usiku usio na mbalamwezi ni meta 9 tu. Nzi wafyonzao damu wana lao: katika utafiti wa Caro wa 2019 walimkaribia punda milia sawa na farasi, lakini wengi wakashindwa kutua. Mnyama ni huyo huyo, basi nani anamwona alivyo?

Jibu jepesi ni kwamba hakuna. Mwanga ukifika kwenye retina hugeuzwa ishara za umeme zinazosafiri hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, na picha huundwa huko. Pale neva inapotokea jichoni hapana chembe ipokeayo mwanga, ila hakuna aonaye tundu, kwa kuwa ubongo huliziba kwa kukisia. Mwenye shaka atasema, basi kila kiumbe kimefungiwa kichwani mwake. Hoja hiyo inajivunja yenyewe. Hizo meta 50 na 30 zinahesabiwa kutoka wapi, kama si kwa punda aliyesimama nyikani? Maono yanayotofautiana kwa utaratibu, kwa kufuata umbali na giza, hayaelezeki pasipo kitu kinachotazamwa. Mipaka ya jicho inaushuhudia ulimwengu, haiukanushi.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili: ikiwa jicho lina mipaka ya kuzaliwa nayo, nani alaumiwe kwa asichokiona? Barabara hiyo hiyo ya Mikumi ina kikomo cha kilomita 70 kwa saa mchana, na 50 usiku. Kwa mwendo wa 70 gari hupita takriban meta 19 kila sekunde, na ubongo nao unahitaji muda kutambua kwamba kile kivuli ni swala. Dereva aliyemgonga gizani akiapa kwamba hakumwona, huenda anasema kweli tupu. Hatulilaumu jicho lake. Lakini kibao kilikwisha kumwambia, kilomita kadhaa nyuma, kwamba hataona kwa wakati, naye akaendelea kukanyaga mafuta.