Haya na Ujinga

Msomaji, haya ni vazi jema, na kijana asiyekuwa nayo ni kama nyumba isiyo mlango. Lakini watu wengi huchanganya haya na ujinga, wakadhani kuwa kijana asiyejua lolote juu ya mwili wake ndiye aliyehifadhika. Je, dhana hiyo ni kweli?

Wazee wa Lamu hawakuona hivyo. Kwa desturi yao msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima na mwaminifu, aliyemweleza faraghani mambo ya hedhi, ya usafi na ya unyumba. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wosia naye yu mgonjwa. Pamoja na ibada na adabu, alimfundisha manukato, mapambo na namna ya kukaa na mume. Nani atamwita mama yule mtovu wa haya?

Sasa tutazame kisa cha pili, kilichotokea Tanzania. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Rosa alipigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Alipewa fimbo, hakupewa maarifa. Na alipokuwa mbali na fimbo ile, alianguka. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa hofu ya kuwapotosha vijana. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana si kila ukurasa unafaa kila umri, na mzazi ana haki ya kuchagua wakati wa kumfunza mwanawe. Lakini tazama ajabu: kisa kilichoonyesha hasara ya kunyamaza nacho kilinyamazishwa.

Basi, kufunga kitabu pengine kuna udhuru. Kufunga kitabu na kinywa pamoja hakuna. Anayekataza na afundishe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na leo ulimwengu huo umo katika simu, mfukoni mwa kijana. Mwalimu huyo hamjui mwanafunzi wake kwa jina, wala hatamlilia akipotea.

Nawe msomaji, ukiwa na swali, mwendee mtu mzima unayemwamini, umwulize kwa adabu. Kuuliza hakuvui haya. Kunaivisha nguo ya pili, nayo ni maarifa.