Kwa Nini Wageni Wajue Kwanza?

Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Hawakutuambia huo uchi uonyeshwe nani kwanza: mama yako, au mkunga ambaye hujawahi kumwona? Swali hili linanisumbua tangu nianze kumsindikiza binamu yangu kwenye kikundi cha watu wanaojaribu kuacha pombe hapa Nairobi.

Kukipata kikundi chenyewe ilikuwa kazi. Baa huhitaji kuulizia; ukishuka tu stejini unapita tatu kabla ya kufika duka la dawa. Chumba cha walioacha keroro hakina bango. Binamu alianza kwa daktari, kwa sababu mtu aliyekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege. Kisha akapiga 1192, ile nambari ya bure ya NACADA, akaulizauliza, mpaka akaelekezwa ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Viti vya plastiki, chai, watu kumi na kitu. Hakuna ada. Kikapu kinapitishwa, na asiye nacho anampa tu jirani. Sharti la kujiunga ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Vikao vingine ni vya wanywaji peke yao. Vingine viko wazi, na ndivyo mimi huingia.

Mtindo huu ulianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, wakati Bill Wilson, dalali wa hisa, alipokutana na daktari Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi, na waligundua kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko anavyomsikia mtu wa kumhubiria. Si hadithi tu za kutiana moyo. Mwaka 2020, wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba kwa suala la kuacha kabisa, njia hii haishindwi na tiba nyingine zinazojulikana, na mara nyingi huzipita.

Lakini kilichonishangaza mimi ni majina. Kwetu, swali la kwanza ni wewe ni wa nani, mnatoka wapi. Pale hakuna anayeuliza. Unataja jina moja, basi. Halafu mtu huyo asiye na ukoo anasema mambo ambayo hajawahi kumwambia mkewe. Nyumbani jina linajulikana na ukweli umefichwa. Pale jina limefichwa na ukweli uko mezani.

Sasa, hiyo ni haki kweli? Shangazi yangu, mamake binamu, amelipa kodi ya nyumba ya mtoto wake mara ngapi sijui. Amemfungulia mlango saa tisa usiku, akamwosha. Jumapili moja aliniita jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huko anasemaga nini?"

Ninajua anachosema. Nimekisikia kwa masikio yangu. Na sioni mtu anayestahili kukijua kuliko Shangazi. Kama ukweli ni deni, yeye ndiye anayedai zaidi, na inaudhi kwamba waliolipwa kwanza ni wageni ambao hawakumkopesha hata shilingi.

Hata hivyo sikumwambia. Nilifikiria hivi: nikimpelekea maneno yale, atapata habari, lakini hatakuwa ameambiwa. Kuambiwa ni lazima mwenyewe asimame mbele yake. Tena kuna wale wengine chumbani. Siku wakijua kuna mtu anayebeba maneno hadi nyumbani, kila mmoja atakata hadithi yake nusu, na kile kiti cha plastiki hakitamsaidia yeyote. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha akianza kusimulia, nani atampelekea maiti wake?

Si ati kunyamaza hakuna mpaka. Binamu angesema anaendesha matatu akiwa amelewa, ningesema mchana kweupe. Uhai wa abiria ni mzito kuliko siri ya chumba. Lakini alichosema kinaumiza, hakiui.

Na mpango wenyewe hauishii kwa wageni. Kati ya hatua zake 12, ya nane inamtaka mtu aorodheshe aliowakosea, na ya tisa awaendee na kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza zaidi. Kwa hiyo wageni ni mkunga tu. Mtoto akishazaliwa, hupelekwa kwa wenyewe.

Nilimjibu Shangazi: "Hayo nakuachia umuulize mwenyewe. Lakini hata jamaa za walevi wana vikao vyao. Lois, mke wa Bill Wilson, alisaidia kuanzisha Al-Anon mwaka 1951. Ukitaka, tutafute kilicho karibu." Akageuza chapati, akauliza kama huko atalazimika kusema jina la ukoo. Nikamwambia hapana.

Bado binamu hajamwambia. Naamini nilifanya sawa kunyamaza, lakini simwambii Shangazi kwamba asubiri kwa furaha. Kungoja kwake nako ni deni, na linaongezeka kila Jumapili.