Bei ya Faragha ni Shahidi wa Namna Gani?

Mwenzetu mmoja wa darasa, kijana aliyeachiwa na marehemu babake amana ya urithi wake na wa dada zake wawili, alitujia na swali. Kampuni moja changa ya kutafuta dhahabu, ambayo hisa zake huuzwa Canada, imepewa mtaji na matajiri mashuhuri. "Watu hawa si wajinga," akasema. "Wao wakitia fedha zao, mimi nina khofu gani?" Twaona swali hili ni la wengi, kwani siku hizi hisa za ng'ambo hununuliwa kwa simu mtu akiwa barazani kwake. Kama hisa hizo zafaa kisharia au hazifai, twawaachia wanavyuoni. Sisi twauliza la kabla yake: je, fedha ya tajiri ni ushahidi?

Kampuni changa ya madini haina mapato. Haina ila kipande cha ardhi iliyopewa ruhusa ya kukitafiti, wataalamu wachache, na matumaini. Kila fedha zinapokwisha huuza hisa mpya, na mara nyingi haziuzi sokoni bali faraghani, kwa watu waliochaguliwa. Soko dogo la Canada liitwalo TSX Venture laruhusu punguzo: hisa ambayo bei yake haizidi senti 50 yaweza kupunguzwa hadi asilimia 25. Tena mnunuzi huweza kupewa waranti, yaani haki ya kununua hisa nyingine siku za mbele kwa bei iliyokwisha kukatwa leo. Naye huzuiliwa asiuze kwa muda wa miezi minne.

Na tupige hesabu. Kampuni ina hisa milioni 60, na sokoni kila moja ni senti 20. Yauza faraghani hisa milioni 20 kwa senti 15, na kila hisa ina waranti yake ya senti 20. Tajiri hungoja miezi minne, kisha huuza hisa zake. Hata bei ikiwa imeshuka mpaka senti 15, amerudishiwa fedha zake zote, na waranti zimebaki mkononi mwake bure. Dhahabu ikionekana, atazitumia. Isipoonekana, hakupoteza kitu. Ama yule mwenye hisa wa zamani aliyekuwa na sehemu moja katika kumi, sehemu yake imekuwa asilimia 7.5, na waranti zikitumiwa zote itakuwa 6, wala hakuulizwa.

Basi tajiri huyu ameshuhudia nini? Hakushuhudia kuwa dhahabu ipo. Ameshuhudia kuwa amepewa bei nzuri.

Hatusemi kwamba punguzo lenyewe ni dhuluma. Mtu anayefunga fedha zake miezi minne katika jambo la bahati ana haki ya kupewa kitu, na kampuni yenye njaa haichagui. Dhuluma twaiona pale wakurugenzi wanapojiuzia wenyewe kwa bei hiyo, ilhali wanajua khabari ya uchimbaji ambayo wenye hisa wengine hawajaambiwa. Hapo mwenye kuaminiwa amekuwa mnunuzi wa mali aliyoaminiwa.

Kinyume chake, kampuni kubwa ya madini ikinunua kwa bei ya soko au zaidi, bila waranti, ushahidi wake una uzito, maana faida yake haiji ila madini yakiwapo. Hata hivyo bei ya juu nayo huweza kudanganya. Canada zipo hisa ambazo mnunuzi wake huruhusiwa kukata gharama za utafutaji katika hesabu ya kodi yake, naye kwa hiyo hulipa zaidi ya bei ya soko. Ziada hiyo haikutoka katika mwamba; imetoka kwa mtoza kodi!

Wala jina kubwa si kinga. Mwaka 1997 ilipobainika kuwa dhahabu ya Bre-X huko Busang, Indonesia, ilikuwa ya uongo, mifuko mikubwa ya pensheni ya Canada ilikuwa miongoni mwa waliopata khasara. Na hapa kwetu Kwale madini yalikuwa ya kweli, lakini Tiomin ya Canada, iliyoyashughulikia miaka mingi, siyo iliyoyavuna: Base Resources ya Australia iliuchukua mradi mwaka 2010, ikachimba hadi mwisho wa 2024.

Tulimwambia mwenzetu akalete tangazo la kampuni, atazame mambo matatu: bei, waranti, na majina ya wakurugenzi walionunua. Alirudi baada ya wiki. Punguzo lilikuwa kamili, waranti ilikuwa moja kwa kila hisa, na ile miezi minne ilikuwa imebakisha siku tisa. Fedha za dada zake zingali benki.