Mhakiki Aliyeishia Nusu ya Kitabu

Kila riwaya mpya hutanguliwa na maneno. Kabla msomaji hajaifungua, ameshaambiwa na rafiki, mwalimu, gazeti au muuza vitabu kwamba inafaa au haifai, na mara nyingi maneno hayo ndiyo yanayoamua kama ataisoma au ataipita. Kuyakwepa kabisa hatuwezi. Riwaya ni nyingi, fedha ni chache, na saa za kusoma ni chache zaidi. Lakini anayeyapokea bila kuyapima anaweza kuitupa johari, akafa asijue kwamba aliitupa. Hayo yaliwapata wasomaji wa Uingereza na Marekani mwaka 1851, na kisa chao kina mafunzo kwa kila anayechagua riwaya leo.

Mwaka ule Herman Melville, mzaliwa wa New York, alikuwa na miaka 32 na jina linalojulikana. Ujanani alikuwa baharia katika meli za kuwinda nyangumi. Kitabu chake cha kwanza, Typee, kilichotoka mwaka 1846, kilitokana na siku alizoishi katika visiwa vya Marquesas baada ya kutoroka melini. Wasomaji walikipenda, wakawa wanangoja vingine vya namna hiyo: safari, visiwa vya mbali, misukosuko ya ujana, na lugha isiyochosha. Yeye akawaandikia Moby-Dick.

Msimulizi wa riwaya hiyo ni baharia aitwaye Ishmael, anayepanda meli ya Pequod huko Nantucket. Nahodha wake, Ahab, alikatwa mguu na nyangumi mweupe. Sasa anatembea kwa mguu wa mfupa na ameapa kumsaka nyangumi huyo popote alipo, liwalo na liwe kwa meli na watu wake. Kitabu kina sura 135. Katikati ya msako Melville anasimama mara kwa mara kueleza mambo ya nyangumi na wawindaji wake: aina zao, vichwa vyao, jinsi mafuta yanavyoyeyushwa juu ya sitaha, jinsi kamba ya chusa inavyoweza kumng'oa mtu mashuani. Mwishoni nyangumi anaivunja meli, nayo inazama na watu wake. Kisha inakuja tamati fupi sana. Ishmael peke yake amenusurika, akielea juu ya jeneza alilotengenezewa rafiki yake Queequeg, mpaka meli nyingine ikamwokota. Riwaya nzima inautegemea ukurasa huo, maana ndio unaotueleza kwa nini yupo mtu wa kutusimulia.

Siku zile mwandishi wa Marekani aliyetaka haki zake zilindwe Uingereza alilazimika kutanguliza toleo la huko. Kwa hiyo kitabu kilitoka kwanza London, Oktoba 1851, kwa mchapishaji Richard Bentley, nakala 500 katika juzuu tatu, kikiitwa The Whale, kwa kuwa jina jipya alilolitaka Melville lilichelewa kufika. Mhariri wa London alikuwa ameondoa sehemu alizoona zinagusa dini na ufalme. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kwamba tamati haikuchapishwa. Wataalamu wengi wanadhani karatasi hiyo ilipotea wakati baadhi ya kurasa za mwanzo zilipohamishiwa mwisho wa juzuu ya tatu. Vyovyote ilivyokuwa, Mwingereza aliyeinunua riwaya hiyo aliwaona mabaharia wote wakizama, kisha kitabu kikakatika hapo hapo.

Baadhi ya magazeti ya London yalikisifu kitabu hata hivyo. Mengine yalikishambulia, na yalikuwa na sababu. The Spectator lilikumbusha kanuni kwamba mwandishi asisimulie mambo ambayo hayupo aliyebaki hai kuyajua. The Athenaeum lililaumu mchanganyiko wa hadithi na maelezo ya kitaalamu, likasema mwisho umeandikwa kwa haraka na kwa udhaifu. Wahakiki hao hawakusema uongo. Walihukumu kitabu walichokuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa pungufu bila wao kujua.

Kosa lenyewe lilifanyika ng'ambo ya pili ya bahari. Tarehe 14 Novemba kampuni ya Harper & Brothers ilitoa toleo la Marekani katika juzuu moja, likiwa na jina Moby-Dick na tamati yake kamili. Mmarekani angeweza kufungua ukurasa wa mwisho na kumwona Ishmael juu ya jeneza. Lakini magazeti ya London yalikuwa na heshima kubwa Marekani, na hukumu zake zilikuwa zimeshavuka bahari. Siku sita baadaye gazeti la Boston Post lilitoa uhakiki wake. Aliyeuandika alikiri mwenyewe kwamba amesoma karibu nusu ya kitabu, na kwamba nusu hiyo imemtosha kuona kuwa Athenaeum lina haki. Akamalizia kwa kuwaambia wasomaji kwamba kitabu hakistahili bei yake. Bei yenyewe ilikuwa dola moja na nusu.

Mtu huyu alikuwa na kitabu kizima, akakiacha nusu. Akachukua hukumu iliyotolewa juu ya kitabu kingine, chenye jina lingine na kisicho na mwisho, akaibandika juu ya kile alichokuwa nacho. Wasomaji wa Boston nao wakaipokea hukumu hiyo kama ya mtu aliyesoma. Ukihesabu, kati ya msomaji yule na riwaya palikuwa na watu wawili: mmoja alisoma kitabu pungufu, mwingine alisoma nusu ya kitabu kamili.

Si haki kusema ukurasa mmoja ndio ulioiangusha riwaya. Kitabu ni kigumu, na waliokuwa wakingoja Typee nyingine walikuta sura za mifupa na mafuta ya nyangumi. Lakini maneno yaliyotangulia yaliwapa sababu ya kutojaribu. Nakala zilizouzwa Marekani katika maisha yote ya Melville zilizidi 3,000 kwa kiasi kidogo tu. Riwaya ya mwisho aliyoitoa ni The Confidence-Man ya mwaka 1857, na hapo alikuwa bado hajatimiza miaka 40. Mwaka 1866 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya New York, kazi aliyoifanya kwa miaka 19. Alifariki mwaka 1891. Watu walianza kukirudia kitabu chake kwa wingi karibu na mwaka 1919, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake, na leo kinahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu za dunia. Heshima hiyo haikumfaa kitu mwandishi aliyekwisha kufa. Wala hakuna wa kutupa riwaya ambazo huenda angeziandika katika miaka ile zaidi ya 30 aliyoishi bila kuchapisha nyingine.

Funzo la kwanza ni kumuuliza anayekupa rai amesoma nini. Amefika mwisho? Amesoma toleo hili, au amesikia kwa mwingine? Hapa kwetu swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wanafunzi wengi wa Kenya na Tanzania huijua riwaya kwa mwongozo kabla ya kuijua yenyewe. Wanakariri dhamira, wahusika na tamathali za usemi kama alivyoziorodhesha mtu mwingine, kisha wanajibu maswali ya mtihani juu yake. Mwongozo una faida kwa aliyekwisha kusoma. Kwa asiyesoma, humfanya kuwa kama mhakiki wa Boston, mwenye hukumu kamili juu ya kitabu asichokimaliza.

Funzo la pili ni kutenganisha maelezo na hukumu. Athenaeum lilisema riwaya imechanganya hadithi na maelezo ya kitaalamu, na hilo ni kweli tupu. Msomaji mwingine angeisikia habari hiyo hiyo akatamani kitabu siku ile ile, kwa sababu mchanganyiko huo ndio anaoupenda. Ukisoma uhakiki wa riwaya mpya, chukua kile unachokueleza kuhusu kitabu, ladha ya mhakiki umwachie mwenyewe. Mara nyingi lawama iliyoandikwa kwa uangalifu itakusaidia kuchagua kuliko sifa zilizomwagwa ovyo.

Madhara ya kupokea hukumu bila kujua kilichomo tuliyaona kwa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, na wapo walioijua kwa sifa hiyo peke yake. Aliyeisoma hadi mwisho alikutana na onyo zito kwa wazazi, juu ya binti aliyelelewa kwa ukali na kipigo bila kufundishwa namna ya kuishi na uhuru, akaangamia alipoupata. Waliotaka kulinda maadili walikuwa wanakipinga kitabu kilichobeba wasiwasi wao wenyewe. Leo kinafundishwa vyuoni.

Funzo la tatu ni kutomdai mwandishi arudie alichokwisha kuandika. Aliyempenda Kezilahabi wa Rosa Mistika akaifungua Nagona ya mwaka 1990 alikuta ulimwengu mwingine kabisa, wa njozi na mafumbo. Ana haki ya kutoipenda. Lakini ipimwe kwa kile inachokusudia kufanya, badala ya kulaumiwa kwa kutokuwa ile ya zamani.

Funzo la nne ni kutongoja tuzo ndipo tusome. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise mwaka 1994, ikaingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huo huo. Ni hadithi ya mwambao wetu na misafara iliyokwenda bara. Msomaji wa Kiswahili aliipata kwa lugha yake mwaka 2022, kwa jina Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tafsiri hiyo ni zawadi kubwa, na inastahili shukrani. Inasikitisha tu kwamba kabla ya sauti ya Nobel kutoka Stockholm, wengi wetu hatukuwa tumeuliza habari za kitabu kinachotuhusu kiasi hicho.

Wala tusidhani hatari iko katika lawama peke yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Riwaya iliyotoka jana inaweza kusifiwa kwa upya wake tu, au kwa urafiki. Akili za kuambiwa changanya na zako. Ingia dukani au maktabani, soma kurasa za mwanzo kwa utulivu, kisha fungua katikati usome sura moja. Sikiliza kama wahusika wanazungumza kama watu, kama lugha ina uhai, kama unataka kujua litakalofuata. Ikikushinda, iweke chini bila aibu. Hakuna aliyeamriwa kumaliza kila kitabu. Lakini ukiulizwa, sema kwamba hukuimaliza na useme umeishia wapi. Uungwana huo mdogo ungetosha kumzuia mhakiki wa Boston asiwaamulie wenzake thamani ya dola yao.

Nalisisitiza hili kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili hasa. Riwaya mpya ya Kiswahili hainunuliwi na umati mkubwa nje ya shule, na ikipuuzwa mwaka wa kwanza ni rahisi ipotee madukani kabla haijapata msomaji wake. Mwandishi wake anaangalia kama ipo sababu ya kuandika nyingine. Tukipita riwaya kwa sababu tumeisoma na haikutufaa, tumetenda haki, na hata mwandishi ananufaika kwa kuambiwa ukweli. Tukiipita kwa sababu ya uvumi, tunamnyamazisha mtu ambaye hatujamsikia. Basi kila mmoja wetu mwaka huu atafute riwaya moja mpya ambayo hajaambiwa lolote juu yake, aisome mpaka ukurasa wa mwisho, kisha awaeleze wenzake kwa uaminifu alichokikuta.