Pumzi ya Siku Tano

Kiswahili hakina neno moja linalotosha kutaja jambo wanalolifanya wanandoa wa mji mdogo kama Katesh pale wanapoamua Jumatano jioni kwamba Ijumaa alfajiri watapanda basi, wafike pwani, wagawe siku chache kati ya ufuo, mji mkongwe na jiji, kisha warejee kazini baada ya siku tano, kabla jirani hajamaliza kuuliza walikokwenda. Maneno yaliyopo yanalikaribia jambo hilo bila kuligusa. Likizo limetokana na kulikiza, kitenzi ambacho maana yake mojawapo ni kumwachisha mtoto ziwa, kwa hiyo ndani ya neno hilo daima mna mkubwa anayeachia na mdogo anayeachiwa. Utalii limetoka katika kutalii, kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachohusu kusoma na kuchunguza, yaani kazi ya macho na akili. Fungate, ambalo leo hutumiwa kwa safari za maarusi, ni jina la kale la namba saba, na katika desturi ya pwani lilimaanisha siku saba ambazo bwana na bibi harusi hawakwenda popote, bali walijifungia ndani na kuhudumiwa. Linabaki neno mapumziko, na ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu limebeba falsafa nzima ambayo msemaji huipitia kila siku bila kuiona.

Mapumziko ni mtoto wa pumzi. Anayepumzika, kwa mantiki ya lugha yenyewe, ni mtu aliyerudishiwa hewa, na jambo hilo halimlazimu ahame mahali, atumie fedha wala aombe ruhusa. Neno nafasi, ambalo Mswahili hulitumia kwa wakati huru, kwa uwazi kati ya vitu na kwa fursa, nalo lilitoka katika Kiarabu, ambako ni ndugu wa neno la pumzi. Lugha imefika kwenye picha ile ile kwa njia mbili zisizotegemeana, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiarabu, na si rahisi kuamini kwamba ni bahati tu. Hoja inayotokana na picha hiyo ni hii: pumzi haiwekwi akiba. Hakuna anayeweza kuvuta leo hewa ya kutumia mwezi ujao, wala aliyeishiwa pumzi mlimani hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba Desemba atapewa hewa nyingi kwa mkupuo.

Hata hivyo, taasisi za kisasa huyahesabu mapumziko kama akiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania angalau siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo, na haki hiyo ilipatikana kwa jasho, wala insha hii haina nia ya kuibeza. Lakini umbo lake ni umbo la ghala: siku zinalimbikizwa kwa miezi, kisha zinafunguliwa kwa pamoja. Utumishi wa umma unaongeza jambo la pili, kwani nauli ya likizo, ambayo mtumishi hustahili kila baada ya miaka miwili, hukokotolewa kwa safari ya kwenda kwao, kwa wazazi na ukoo. Kwa hesabu ya serikali, basi, anayepumzika ni mtu anayerudi alikotoka, na hesabu hiyo inakubaliana kabisa na mila. Mtu husafiri kwenda kwa mtu: mgonjwa, mzazi, harusi, au msiba. Wawili wanaokwenda mahali ambako hakuna anayewasubiri wamevunja kanuni ambayo haijaandikwa popote.

Ni vyema kueleza kwa nini safari ya aina hii huwa ya ghafla, maana ughafla wake si tabia ya watu bali ni matokeo ya mpangilio wa kazi. Wachukuliwe, kwa mfano wa kufikirika tu, mume mwalimu wa sekondari na mke muuguzi katika mojawapo ya vituo vya afya vya wilaya ya Hanang, iliko Katesh. Kalenda ya mwalimu inajulikana mwaka mzima, ilhali ya muuguzi hupangwa kwa zamu na kupanguliwa kwa zamu, hivyo siku zao huru hukutana pale tu ambapo muuguzi mwenzake mmoja anakubali kubadilishana naye zamu. Katika nchi za Ulaya, safari ya dakika za mwisho ni zao la soko: kiti cha ndege kisichouzwa leo ni hasara isiyofidika kesho, kwa hiyo wakati mwingine huuzwa kwa bei ya chini, na msafiri hufuata punguzo. Katesh hakuna punguzo la namna hiyo. Viwango vya nauli za mabasi husimamiwa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na aliyekata tiketi wiki mbili kabla hana faida kubwa kuliko aliyekata jana, isipokuwa ya kuchagua kiti cha dirishani. Ughafla wa Katesh hauna bei. Una mwanya, na mwanya huo ndio nafasi kwa maana kamili ya neno.

Hapa huzuka tuhuma ya zamani, kwamba asiyepanga mapema hana dhana ya wakati ujao. John Mbiti, mwanatheolojia na mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akajenga hoja kwamba katika fikra za Kiafrika wakati uliopita ni mrefu na wakati uliopo ni mpana, ilhali mustakabali wa mbali karibu haupo kwa sababu matukio yake hayajatokea. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga kwa ushahidi wa lugha na fikra za Waakan. Mtu wa Hanang angeweza kumpinga kwa mbegu tu: familia inayochagua mahindi bora na kuyatundika juu ya moshi wa jiko hadi msimu ujao haiwezi kushtakiwa kwa kutojua kesho. Ukweli ni kwamba jamii hiyo hupanga baadhi ya mambo kwa makini makubwa na kuyaacha mengine yaje yenyewe, na swali la kifalsafa ni lipi lipangwe na lipi lisubiriwe.

Tena ustadi wa kuondoka ghafla upo tayari, na umefundishwa na huzuni. Habari ya msiba ikifika usiku, kabla ya mapambazuko watoto wamekwisha kupelekwa kwa bibi, begi limeazimwa, fedha zimetumwa kwa simu na ruhusa imeombwa kwa ujumbe mfupi. Tarehe 3 Desemba 2023, maji, tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya jirani, mji mzima uliujua ughafla kwa uso wake mkali kuliko yote. Wanandoa wanaoondoka Ijumaa alfajiri hutumia ustadi ule ule, kwa hatua zile zile na pengine begi lile lile, isipokuwa mwisho wa njia hakuna kaburi. Pengine hicho ndicho kinachowatia majirani wasiwasi, kwa sababu mwendo wao ni wa msiba na nyuso zao si za msiba.

Hanang yenyewe inatoa funzo lingine kuhusu mapumziko, nalo ni la ardhi. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walikuwa na utaratibu wa kuhamisha mifugo kati ya aina mbalimbali za malisho kwa kufuata mvua, maji na nyasi, hivi kwamba tambarare zenye rutuba zaidi ziliachwa kwa vipindi ili nyasi zirudi. Miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada, yalichukua makumi ya maelfu ya ekari za tambarare hizo, na mgogoro ukafika hadi mahakamani. Sheria na siasa za kesi zile ni mada pana, lakini kiini chake kina kosa la kimantiki linalohusu insha hii moja kwa moja: ardhi iliyokuwa imepumzishwa ilionekana kuwa ardhi isiyotumika. Anayepita siku ambayo ng'ombe hawapo huona uwazi na kuuita upotevu, wakati uwazi huo ndio unaowalisha ng'ombe siku watakayorudi. Kosa hilo hilo hufanywa na mtu anayezitazama siku tano za wanandoa na kuuliza zimezalisha nini.

Njia ya wanandoa hao ya kutoka Katesh hadi jiji la Tanga, kupitia Babati, Arusha, Moshi, Korogwe na Muheza, inazidi kilomita 600, na uaminifu unadai ikubaliwe kwamba siku mbili kati ya zile tano humezwa na basi. Zinabaki tatu. Hata hivyo, safari yenyewe si hasara tupu, kwa kuwa mwili unateremka kutoka baridi ya chini ya mlima wenye zaidi ya mita 3,400 hadi usawa wa bahari, ukipita mashamba ya mkonge na meza za machungwa za Muheza, na wawili waliokaa bega kwa bega mchana kutwa, bila mgeni wa kukaribishwa wala mtoto wa kuulizwa kama amekula, hugundua kwamba wamekuwa wakipeana taarifa kwa miaka, na kwamba mazungumzo ni kitu kingine.

Bahari huwapa wakati usio wao. Mtu wa Katesh anayajua maji makubwa ya chumvi, kwani Ziwa Balangida liko karibu, nalo hujaa wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi likiacha chumvi ya kukwanguliwa. Lakini kinachochukua majira mazima Balangida, bahari hukifanya mara mbili kwa siku. Maji kujaa na maji kupwa, bamvua ambapo tofauti yake ni kubwa na maji mafu ambapo ni ndogo, hufuata mwezi wala si zamu ya mtu. Katika ufuo wa Ushongo, kusini mwa Pangani, anayetaka kuoga maji yakiwa yamepwa hutembea mchangani kwanza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakuna wa kumlaumu kwa kuchelewa. Bahari huvuta na kutoa pumzi bila kujali nani anatazama, na hapo mgeni wa bara huelewa kwa miguu kile ambacho lugha ilimwambia zamani.

Pangani ni mgumu zaidi. Mji huo mdogo kwenye mlango wa mto, wenye nyumba kongwe za chokaa zinazochakaa na kivuko cha kuelekea Bweni, ulikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19, na mashamba ya miwa kando ya mto wake yalilimwa na watumwa. Ndipo pia Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani vilivyoanza 1888, aliponyongwa Desemba 1889. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba watu hufanya kazi ili wapate faragha, yaani wakati huru wa kuishi vyema, na faragha hiyo, aliyoiita skholē, aliiweka juu ya kazi. Alijua pia, wala hakuona ubaya, kwamba faragha ya raia wa Athens ilibebwa na watumwa. Vibaraza vya Pangani vinasema jambo hilo kwa uwazi kuliko vitabu: palipokuwa na mtu aliyepumzika kivulini, palikuwa na mwingine aliyenyimwa pumzi juani. Wanandoa wenye mishahara ya kawaida hawana mtumwa, lakini nao wana bibi aliyebaki na watoto na mwenzao aliyebeba zamu, na tofauti yote iko katika kama pumzi hiyo itarudishwa kwa zamu au itabaki deni lisilolipwa.

Tanga, lililopata hadhi ya jiji mwaka 2005, hutambulishwa kwa msemo "waja leo waondoka leo", na msemo huo unaweza kusomwa kwa njia mbili: kama maelezo ya mgeni wa kupita, au kama dhihaka kwa yule aliyedhani ataweza kuondoka. Jiji huwapa wanandoa kitu ambacho ufuo na mji mdogo haviwezi kuwapa, nacho ni kutojulikana. Pangani mtu hupokea shikamoo na kuulizwa atokako. Katika barabara za Ngamiani jijini Tanga, wawili wanaokula chakula cha jioni ni wawili tu, si mwalimu wa fulani wala muuguzi aliyemzalisha fulani. Inafaa kukiri kwamba kitu hiki ni kidogo, na hakidumu zaidi ya usiku mmoja.

Kisha basi la kurudi, Babati, na mlima unaojitokeza upande wa mbele. Swali linalowasubiri Katesh ni "Mlikwenda kwa nani?", na likijibiwa kwamba hawakwenda kwa mtu, hufuata la pili, "Kulikuwa na msiba?" Jibu la kweli, yaani kwamba walikwenda kupumzika, huleta la tatu: "Nani alikuwa anaumwa?" Muulizaji hana ubaya. Katika Kiswahili anachokisikia kila siku, daktari humwambia mgonjwa apumzike, na marehemu husemwa kuwa amepumzika. Mzima mwenye kazi, mke na watoto hajawekewa sentensi yake bado, na wawili hao, wakiwa wameshika mfuko wa machungwa ya Muheza, husimama mlangoni wakiitafuta.