TUUTUNZE MOTO, TUITUNZE NCHI

Somo: Yeremia 28:1-4, 29:4-11

 

Watu wa Yuda walipohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, nabii Hanania alitangaza kwamba miaka miwili tu, na mambo yangerudi kama zamani. Neno hilo lilipendeza masikio. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa barua yenye neno gumu: ni miaka sabini. Basi wajenge, wapande, wale matunda ya bustani zao, na kuuombea amani mji ule wa ugenini. Aliyesema kweli ni Yeremia.

Sisi nasi tunaye Hanania moyoni. Anatunong'oneza: "Kwa nini upande mti hapa Base Camp? Kesho utaitwa kwenye mahojiano, utapanda ndege." Lakini Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wako waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, na wajukuu wao wanacheza hapa. Kungojea nchi ya tatu si dhambi. Lakini tukiwa tunangojea, tunapika kila siku, na kila siku tunahitaji kuni.

Sisi tuliotoka Kivu tunajua habari za mwaka 1994, kambi zilipojaa kandokando ya Goma na miti ya Hifadhi ya Virunga ikakatwa. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka hifadhi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Watu walikata kwa sababu watoto walipaswa kula. Hata hivyo njaa ya leo ilikula kuni za kesho.

Hapa Isingiro ni nchi kavu. Nani analipa gharama ya kuni? Ni mama na binti wanaotembea mbali kwa hofu. Ni mwenyeji anayekuta miti ya shamba lake imekatwa, na amani kati yetu naye inavunjika. Ni mtoto anayekohoa jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Tena tangu 2023 msaada wa chakula unatolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na nyumba nyingine hazipati kitu. Anayeuza maharage ili anunue makaa ya kupikia yaliyobaki, amekula nusu.

Mungu hakutuacha bila akili. Moto wa mafiga matatu hutawanya joto pande zote. Jiko la udongo hulifungia chini ya sufuria. Tuchukue udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa na maji, tukanyage mpaka vishikane. Vipande vya mgomba vituachie nafasi ya kuni, ya hewa na ya kutolea moshi nje. Mlango wa kuni uwe mdogo. Tuliache likauke majuma mawili au matatu, na nyufa zikitokea tuzizibe.

Kisha tuloweke maharage usiku. Kuni zikauke vizuri, zipasuliwe ndogo, sufuria ifunikwe. Maharage yakishachemka kwa nguvu nusu saa, tuiweke sufuria katika kikapu kilichojaa majani makavu ya mgomba na nguo kuukuu. Joto lililomo litaendelea kuyaivisha bila moto.

Na tupande. Hata katika vita, Mungu aliwakataza Israeli kukata miti ya matunda walipouzingira mji (Kumbukumbu la Torati 20:19). Mparachichi uani, grivelia mpakani; mikalitusi iwe mbali na maji, maana inakunywa sana.

Ndugu vijana, mjane wa Sarepta alikuwa akiokota kuni alipokutana na Eliya. Wajane wetu pia wanaokota, wengine kwa mgongo uliopinda. Kabla ya Jumapili ijayo, kila kundi la maombi lichague mama mmoja mzee na kumjengea jiko. Hiyo nayo ni ibada.

Siku jina lako litakapoitwa, ondoka kwa furaha. Jiko na mti vitabaki kwa jirani, na atamshukuru Mungu kwa ajili yako.

Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Amina.