Furaha za Majira ya Machipuko

Waingereza husema juu ya mtu mchangamfu kwamba amejaa furaha za majira ya machipuko. Ukimfasiria mzee wa Lamu maneno hayo, atangoja uendelee, maana kwake mchana ni wa saa 12 au karibu yake mwaka mzima, na miti haipukutiki yote kwa pamoja. London sivyo. Mwishoni mwa Desemba mchana wake hautimii saa 8. Miti husimama mitupu, na watu wengi huenda kazini na kurudi gizani. Ifikapo Machi na Aprili siku hurefuka, majani huchipuka, wana-kondoo hurukaruka malishoni, na nyoyo zilizojikunja hukunjuka. Furaha hiyo hata sisi twaijua: ni ile ya mkulima wa Ukambani asikiapo matone ya kwanza juu ya bati baada ya kiangazi kirefu.

Lakini katika matumizi ya msemo huu mwanafunzi hujikwaa. Ni nadra mtu kuusema juu ya nafsi yake. Husemwa na mtazamaji, aghalabu kwa dhihaka ndogo, na pengine mtazamaji huyo mwenyewe hana furaha hata chembe. Kwa hiyo ndani yake mna swali: je, mwenye furaha ana deni kwa asiye nayo?

Fikirini siku ya matokeo ya mtihani. Wawili wameketi dawati moja kwa miaka 4. Mmoja amefaulu, mwenziwe ameanguka. Wa kwanza anaimba na kurukaruka. Wa pili anamtazama, na msemo ule unamjia ulimini.

Wako watakaohukumu kwamba aliyefaulu anyamaze. Mimi sikubali. Furaha iliyochumwa kwa jasho ni haki ya mchumaji, na kuificha ni kumgeuza mwenziwe kuwa mgonjwa wa kunong'onewa, jambo ambalo ni dharau ya namna nyingine. Kosa la mwimbaji ni kutomwona aliye kando yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu hana udhuru huo: jana tu walikuwa wakiogopa pamoja.

Basi na aende akampe mkono, aketi naye kitambo, wimbo ungali kinywani. Hapo mwenziwe akimwambia kwamba amejaa furaha za machipuko, utakuwa mzaha wa rafiki, wala si lalamiko la mtu aliyeachwa peke yake katika baridi.